Siku 30 za kumpigania mwanao zinaanza kuhesabiwa kabla hujafuta machozi

Mchana mimi ni mtu wa saiba. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo nimekuwa yule kijana anayekuchapia barua ya kuomba kazi, anayekujazia fomu za eCitizen na kukutolea kopi ya kitambulisho kwa bob kumi. Usiku ndio naandika blogu. Kwa hivyo mambo ya sheria sikuyasomea darasani. Yamenijia yakipitia kwenye kaunta, moja baada ya lingine, watu wakiwa wameyashika mkononi ndani ya bahasha za kaki.

Bahasha moja haijanitoka akilini. Ililetwa jioni na mama mmoja anayeishi ploti ya pili kutoka kwetu, mtu wa kufua nguo za watu na kuuza mitumba siku za soko. Alitaka kopi mbili. Nilipoweka karatasi kwenye mashine nikaona muhuri wa korti.

"Kijana wangu, hebu nisomee hapo chini. Wanasema kesi inarudi lini?"

Nikasoma mara mbili. Hakukuwa na tarehe ya kurudi. Kilichokuwepo ni uamuzi: mtoto wake wa miaka mitatu abaki katika makao ya watoto, na sababu iliyoandikwa ni kwamba mama yake alimtelekeza.

"Mathe, hii kesi iliisha," nikamwambia.

Alinitazama kama mimi ndiye niliyeiandika. Yeye alijua mtoto bado yuko makaoni, hilo alikuwa ameambiwa. Hilo neno "telekeza" hakuwahi kulisikia, kwa sababu siku ile kila kitu kilisomwa kwa Kiingereza, haraka, na kesi inayofuata ikaitwa. Nikafungua kalenda ya simu nikahesabu kutoka tarehe ya uamuzi. Siku 43.

Wengi wetu tunajua kwamba ukishindwa kortini unaweza kukata rufaa. Tunaona wanasiasa wakifanya hivyo kila wiki, wakitoka Milimani na mawakili sita nyuma yao. Ambacho hatuambiwi ni kwamba rufaa ina saa yake. Kutoka korti ya hakimu, na Mahakama ya Watoto ni korti ya hakimu, kwenda Mahakama Kuu, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inakupa siku 30 tangu tarehe ya uamuzi. Saa haingoji uelewe kilichoamuliwa wala upate wakili. Haijali kama mwezi huo wote ulikuwa unalala kitandani ukiangalia viatu vya mtoto.

Marekani wana jina moja la kutisha kwa jambo hili, kukatizwa kwa haki za mzazi. Jaji anasema neno lake, na kisheria wewe na mtoto wako mnakuwa watu baki. Huku kwetu haiji kwa kishindo hivyo. Inakuja kwa vipande. Kwanza mtoto anapelekwa makaoni "kwa muda". Halafu korti inatoa amri ya uangalizi. Halafu neno fulani linaingia kwenye faili. Mwisho kabisa mtu mwingine anaomba kumuasili mtoto, na amri ya kuasili ikishatolewa, haki zako na majukumu yako kama mzazi yanafutwa. Kwa sababu inakuja polepole hivyo, mzazi hajui ni kipande gani hasa kilichomkata. Anapigania cha mwisho wakati vita vilikuwa kwenye cha pili.

Hilo neno telekeza ndilo kipande chenyewe. Kwa kawaida mtoto haasiliwi bila idhini ya mzazi wake. Lakini mzazi aliyemtelekeza mtoto, idhini yake inaweza kurukwa. Sheria ya Watoto ya 2001 iliruhusu korti kuchukulia kwamba mtoto ametelekezwa iwapo anayemtunza hajamwona mzazi wala kusikia kutoka kwake kwa miezi sita. Sheria hiyo ilibadilishwa na ile ya 2022, ila kurukwa kwa idhini kwa sababu ya kutelekeza kungali kupo. Sasa niambie, mtu aliyelazwa hospitalini, au aliyefungwa kwa kukosa faini, au aliyeenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani na mwajiri akamnyang'anya simu, miezi sita kwake ni nini?

Jirani yangu hakwenda Ghuba. Aliugua. Alimwacha mtoto kwa rafiki yake, rafiki akachoka akampeleka kituo cha polisi, polisi wakamwita afisa wa watoto. Sina ugomvi na hatua hizo. Mtoto hawezi kulala kwenye benchi la kituo, na afisa aliyempeleka makaoni alifanya kazi yake. Ugomvi wangu unaanza pale mama alipotoka hospitalini.

Aliambiwa kuna kesi. Akaenda. Tarehe ikabadilishwa. Akaenda tena, akaambiwa kesi imesikizwa kwa mtandao, mbona hakuingia kwenye linki? Linki gani? Simu yake ni ile ya vitufe, ya kupokea M-Pesa na kucheza nyoka. Tangu Julai 2020 kesi za Nairobi zinafunguliwa kwa mtandao, na mimi kama mtu wa saiba siwezi kulalamika sana, maana inaniletea wateja. Lakini kuna watu ambao korti ilipohamia mtandaoni iliwahama wao.

Kabla hujaniambia kwamba natetea wazazi wabovu, ngoja. Mimi nimelelewa na shosho. Buda wangu hakuna korti iliyowahi kumpokonya chochote. Alijipokonya mwenyewe, akaenda, na leo akija na wakili wa Upper Hill kudai haki zake za mzazi nitakuwa shahidi wa kwanza upande wa pili. Kuna watoto wamechomwa kwa pasi na watu waliowazaa. Kuna mabinti waliopaswa kutolewa nyumbani miaka miwili kabla ya kutolewa. Korti inapomwondoa mtoto kama huyo inamwokoa, na maneno ya Kifungu cha 53 cha Katiba kwamba maslahi ya mtoto yanakuja kwanza hayakuwekwa pale kama pambo.

Lakini umaskini si kosa dhidi ya mtoto. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba kukosa pesa peke yake kusiwe kamwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Serikali yetu yenyewe ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia. Karatasi tunazo. Sasa nani anahakikisha kwamba hakimu mwenye kesi arobaini kwa siku ametofautisha mama mkatili na mama aliyekosa nauli? Anayehakikisha ni jaji wa rufaa. Hakuna mwingine. Na kumfikia huyo jaji ndiko kunakohitaji siku 30, pesa na Kiingereza.

Niseme kidogo rufaa ni nini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeielewa vibaya. Nilidhani ni kesi inaanza upya, unaingia na mashahidi wako wapya, jirani, mchungaji, unalia vizuri safari hii. La. Jaji anasoma faili la korti ya chini. Katika rufaa ya kwanza ana wajibu wa kupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake mwenyewe, akikumbuka kwamba hakuwaona mashahidi wakiongea. Lakini pale hakimu alipotumia hiari yake, mfano nani akae na mtoto, jaji habadilishi kwa sababu tu yeye angeamua tofauti. Anataka aone kwamba hakimu alipotoka kisheria, aliacha jambo la maana au alikosea waziwazi. Msimamo huo ni wa tangu 1968, kesi ya Mbogo dhidi ya Shah, na mawakili wanaitaja kama sisi tunavyotaja alama za mechi. Ushahidi mpya unaingia kwa ruhusa tu, na ruhusa haitolewi ovyo.

Maana yake ni kwamba kila kitu kinategemea kilichoandikwa siku ile. Kama ulisema kitu na hakikuandikwa, hukusema.

Na kuna mtego mwingine ambao ulinishtua zaidi ya huo. Kukata rufaa hakusimamishi chochote. Unaweza kuwa na rufaa safi kabisa Mahakama Kuu na huku chini uamuzi unaendelea kutekelezwa kana kwamba hujafanya kitu. Lazima uombe kando amri ya kuusimamisha, uiombe bila kuchelewa, na uonyeshe hasara utakayopata. Kwa kesi ya shamba au gari sawa, naelewa. Gari likiuzwa utalipwa. Mtoto akishaasiliwa na familia nyingine, akabadilishwa jina, akahamia mji mwingine, utalipwa nini?

Hapa ndipo nilipoanza kusoma usiku badala ya kublogu. Nikakutana na kesi ya mama mmoja wa Mississippi, Marekani, anayejulikana kwa herufi tu, M.L.B. Mume wake wa zamani alikuwa ameoa tena, na mke mpya akataka kuwaasili watoto wawili wa huyo mama. Desemba 1994 korti ikamkatiza haki zake. Akakata rufaa ndani ya muda na akalipa ada ya dola 100. Kisha akaambiwa gharama ya kuandaa rekodi ya kesi, yaani kuchapa na kukusanya kilichosemwa kortini, ni dola 2,352 na senti 36. Hakuwa nazo. Rufaa ikatupwa.

Soma tena hapo. Hakushindwa kwa sababu alikuwa mzazi mbaya. Alishindwa bei ya kuchapa.

Mimi huchapa kwa bob thelathini ukurasa, kwa hivyo kesi hiyo niliielewa kabla sijafika mwisho. Alipambana hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mnamo Desemba 1996 majaji sita dhidi ya watatu, uamuzi ukiandikwa na Ruth Bader Ginsburg, wakasema jimbo haliwezi kumfungia mzazi mlango wa rufaa katika jambo zito namna hiyo eti kwa sababu hana pesa za rekodi. Usiwaone Wamarekani malaika, lakini. Mahakama hiyo hiyo mwaka 1981 ilikataa kusema kwamba kila mzazi maskini katika kesi kama hizo lazima apewe wakili. Ila kwenye suala la rekodi walinyoosha mambo.

Kwetu? Sheria zetu zinamruhusu asiye na uwezo kuomba aendeshe rufaa yake bila kulipa ada. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya kuwasaidia wasio na pesa. Vizuri. Lakini ombi hilo linaandikwa na nani? Linajulikana na nani? Huyo mama alikuwa amekwenda korti mara tatu kuulizia tu nakala ya uamuzi, akiambiwa faili haliko, faili liko kwa hakimu, rudi Alhamisi. Alipoipata ilikuwa siku ya 40. Baadaye ndipo tulipojua kwamba siku ulizongoja nakala zinaweza kutolewa kwenye hesabu ya zile 30, mradi korti yenyewe ithibitishe kwamba ndiyo iliyokuchelewesha. Yaani mwende tena kwa dirisha lile lile mkaombe liandike kwamba lilikuwa na makosa.

Ninachotaka si kikubwa. Katika kesi yoyote inayoweza kumtenganisha mzazi na mtoto moja kwa moja, hakimu akimaliza kusoma uamuzi amwangalie mzazi na kumwambia kwa Kiswahili, au lugha yoyote anayoelewa: una siku 30, nenda dirisha lile, na kama huna pesa sema huna pesa. Mshtakiwa wa wizi wa kuku akihukumiwa huambiwa ana haki ya kukata rufaa na muda wake ni siku 14. Kwa nini mama anayepoteza mtoto asiambiwe? Rekodi ya kesi ichapwe bure. Na siku hizo 30 zisiishe huku mtu mwingine anaruhusiwa kusonga mbele na mtoto. Amri isimame yenyewe mpaka muda wa rufaa upite, na rufaa ikiwekwa, isikizwe upesi.

Hilo la upesi nalisisitiza kwa ajili ya mtoto, wala si kwa ajili ya mama. Kuna watakaosema kila rufaa inamweka mtoto njia panda, hana kwao, makao si nyumbani na nyumbani hapajulikani. Wana haki. Mwaka mmoja wa mtu mzima ni mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa mtoto wa miaka mitatu ni theluthi ya maisha yake. Na hapo ndipo ubaya wote ulipo: rufaa ikichelewa, mtoto anazoea pale alipo, anaanza kumwita mlezi mama, na siku jaji anapofungua faili mazoea hayo yanakuwa sababu ya kutomhamisha. Ucheleweshaji ambao hukuufanya wewe unageuka kuwa ushahidi dhidi yako. Jaji hana ubaya akisema hivyo, kwa kweli anamwangalia mtoto. Ila yule aliyesema rudi Alhamisi hatatajwa popote kwenye hukumu.

Kama haya yamekukuta au yamemkuta dadako, usingoje "tarehe nyingine". Uliza siku hiyo hiyo kama uamuzi umetolewa. Omba nakala na rekodi kwa barua, ubaki na kopi iliyopigwa muhuri, ili siku moja uweze kuonyesha uliomba lini. Endelea kumtembelea mtoto makaoni, utie sahihi kwenye kitabu cha wageni kila unapoenda, hata kama mtoto atalia ukiondoka na wewe utalia ndani ya matatu. Na jua kwamba amri ya uangalizi, tofauti na kuasili, unaweza kurudi kwa korti kuomba ibadilishwe mambo yako yakinyooka. Si kila kitu ni rufaa. Wababa, nanyi pia: Katiba inawapa wajibu sawa na mama, mkiwa mmeoana au la. Nimeona faili nyingi kwenye kaunta hii. Zinazoletwa na wanaume nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Jirani alipata wakili wa kujitolea kupitia shirika la msaada wa kisheria. Wakaomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda. Ilipatikana, baada ya kungoja kwingine. Rekodi ya kesi ilipotoka hatimaye, alikuja nayo saiba tuitoe kopi, kurasa 58. Nilimkatalia pesa, akaniachia maembe mawili kwenye kaunta na hatukubishana.

Tulikuwa tunapanga kurasa nilipoona mstari mmoja ambao umeandikwa mara mbili, tarehe mbili tofauti: mama wa mtoto hayuko kortini. Nikamsomea. Akanyamaza. Halafu akasema ile tarehe ya kwanza alikuwa hapo, kwenye benchi la nje, tangu saa moja asubuhi, hakuna mtu aliyetoka kuita jina lake. Akatoa simu yake ya vitufe, akaanza kurudi nyuma kwenye meseji, taratibu, na kidole kilichopasuka kwa sabuni. Akanionyesha. Nauli ya matatu, shilingi 80, imelipwa kwa M-Pesa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, tarehe ile ile.

Wakili anasema itabidi aombe ruhusa ya kuiingiza, na jaji anaweza kukataa. Hata hivyo nimeipiga picha, nimeitoa kopi tatu. Kesi inatajwa mwezi ujao. Mtoto anafikisha miaka mitano mwezi huo huo.